Mgomba, Mbuni na Isale: Mimea Katika Michoro Yetu

(Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya Katibu ilinitaka niseme maneno machache juu ya michoro 23 ya wanafunzi iliyotundikwa ukutani hapa bwaloni. Mada waliyopewa vijana ni mmea kama ishara ya ustahimilivu. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini ameitwa afisa ardhi badala ya mchoraji. Nilimwuliza Katibu swali hilo hilo, naye akanijibu bila kuficha kwamba mchoraji waliyemtaka hakupatikana. Basi nimekuja kushika nafasi yake, na najitetea kwa hoja moja tu: mimi nami nalipwa mshahara kwa kuchora. Tofauti ni kwamba michoro yangu haitundikwi ukutani. Hufungwa ndani ya jalada, na mara nyingi huonekana tena siku ndugu wawili wanapogombana.

Jana jioni nilifika mapema nikaipitia yote, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mwalimu wa zamu. Nasema bila kupamba kwamba vijana hawa wana mkono. Katika siku zetu somo la sanaa lilikuwa kuchora mtungi na maembe mawili mezani, na aliyemaliza mapema aliruhusiwa kwenda kucheza mpira. Kwa hiyo sote tulimaliza mapema.

Lakini nadhani sikuitwa kusifu tu. Katika michoro hiyo 23 nimehesabu 11 yenye mche mmoja unaochomoza katika mwamba, au katika lami, au katika ardhi iliyopasuka kwa ukame. Mche una majani mawili. Jua linachomoza nyuma yake. Mtu hayupo. Nilimwuliza kijana mmoja mche wake ni wa mmea gani. Alifikiri kidogo, akasema, "Ni mmea tu, mheshimiwa."

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Mche ule umetoka katika kalenda na mabango ya semina. Hauna jina wala aliyeupanda, na mwaka ujao hatujui utakuwa wapi. Mimi naona kwamba mchoraji akitaka mmea useme habari za ustahimilivu, sharti ajue mmea huo hustahimili kwa njia gani, na kwa mikono ya nani. Huku kwetu mlimani, karibu kila mmea tunaoutegemea umebaki hai kwa sababu kuna mtu aliyeurudia mwaka baada ya mwaka, kwa panga, kwa jembe, na kwa debe la samadi kichwani.

Tuanze na mchoro ambao kila mtumishi wa Serikali anaujua, maana uko kichwani mwa kila barua anayoandika. Katika Nembo ya Taifa, mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya mlima wetu huu, Kilimanjaro. Miguuni pa mwanamume pana mkarafuu, na miguuni pa mwanamke pana pamba. Mtoto wa shule huambiwa kuwa hayo ni mazao yetu ya biashara, na jibu hilo linatosha kwa mtihani. Lakini mimea ile miwili ina historia zaidi ya hiyo. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ingawa Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mashamba yalipandwa upya, na mikarafuu ikasimama tena. Mtu anaweza kuchora mkarafuu huo kama ishara ya kutokukata tamaa. Lakini waliochimba mashimo na kupanda miche ile walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria kule hadi mwaka 1897. Na pamba? Mwezi Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waliolazimishwa na Wajerumani kulima pamba waliing'oa, na kwa kuing'oa vita vya Maji Maji vikaanza. Siku ile ustahimilivu ulikuwa wa yule aliyeung'oa mmea, si wa mmea wenyewe. Sisemi haya kwa kuidharau Nembo. Naiheshimu, na ndiyo inayonilisha. Nasema ili kijana anapochora jani ajiulize pia juu ya mkono uliokuwa karibu na jani lile.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye mgomba.

Vijana wa mjini mtanisamehe nikieleza jambo ambalo bibi zenu wanalijua bila kusoma. Mgomba huzaa mara moja. Mkungu ukishakatwa, shina lile halina kazi tena: hukatwa likalishwa ng'ombe, au huachwa shambani likaoza liwe mbolea. Lakini kabla shina halijafa, pembeni mwake yamekwisha kutokea machipukizi. Mama mwenye kihamba huyakagua. Hili libaki, hili ling'olewe likapandwe kule chini karibu na mfongo, hili litupwe. Asipochagua, machipukizi hubanana na mikungu huwa midogo ya kutia aibu. Shamba la migomba linaweza kudumu kuliko umri wa mwenye kulipanda, ingawa ndani yake hakuna shina hata moja lililoishi miaka mingi. Mnaona jinsi lilivyo jambo gumu kulichora? Ukichora mgomba mmoja mzuri wenye mkungu, umechora mmea unaokaribia kufa. Inakubidi uchore na chipukizi lake, na ikiwezekana na yule mama.

Mtu aliyelijua jambo hili vizuri kuliko wote ni mzaliwa wa Machame, Sam Joseph Ntiro. Naona aibu kidogo kwamba nilipowauliza vijana kumi jana, mmoja tu alikuwa amewahi kulisikia jina lake. Ntiro alizaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere chini ya Bi Margaret Trowell, mwanamke wa Kiingereza aliyewahimiza wanafunzi wake wachore mambo ya kwao kutoka katika kumbukumbu badala ya kuiga picha za Ulaya. Baadaye alifundisha pale pale Makerere, na katika miaka ya 1950 akaenda kusoma katika chuo cha sanaa cha Slade, London. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 alirudi London, safari hii akiwa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Alifariki mwaka 1993.

Mwaka 1956 Ntiro alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Tangu mwaka 1960 picha hiyo ni mali ya jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, Marekani. Nawaomba mfikirie kidogo jina la picha hiyo tu. Pombe ya ndizi, yaani mbege. Ndani ya mbege mgomba umekwisha kukatwa, ndizi zake zimeivishwa na kupikwa, zimechanganywa na kimea cha ulezi, na sasa umekuwa kitu cha kupelekwa na watu kwa watu wengine ili nyumba mpya ianze. Mmea haupo tena shambani, na bado unafanya kazi. Ndivyo zilivyo picha nyingi za Ntiro. Anachora miti, migomba, vilima na nyumba, na katikati yake watu wengi wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja. Wapo wataalamu waliomlaumu kwamba watu wake wanafanana mno na hawana nyuso za kutambulika. Mimi si mtaalamu, ila naona lawama hiyo imepitiliza. Aliyewahi kutazama msaragambo kutoka kilima cha jirani anajua kwamba kutoka mbali huoni sura, unaona migongo.

Nije kwenye mbuni. Kahawa ililetwa huku na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo kwa mlima huu ni mgeni wa juzi. Pamoja na ugeni wake ndiyo iliyojenga shule nyingi, na wazee walioko hapa wanajua nani aliuza magunia mangapi ili wao wakae bwenini. Chama cha wakulima wenyewe, KNPA, kilianza mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933. Katika miaka ya 1960 ukaja ugonjwa wa chulebuni. Katika miaka ya 1990 bei ikaanguka, na wengi wakaacha kuihudumia. Leo mkipanda gari kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Uru mtaona vihamba ambavyo kahawa imebaki miti michache mirefu, myembamba, iliyosahauliwa katikati ya migomba.

Kuna mchoro mmoja wa kidato cha tatu pale, wa nne kutoka mlangoni. Sitamtaja kijana jina ili wenzake wasimsumbue. Amechora kisiki cha mbuni kilichokatwa kwa mshazari, chini kabisa, karibu na ardhi. Kando ya kisiki yametoka machipukizi mawili. Na panga limelala pale, mpini ukiwa upande wetu. Niliusimamia mchoro huu kwa muda mrefu kuliko yote. Mwalimu wa zamu alidhani sijaelewa, akaanza kunifafanulia kwamba mti umekatwa na adui lakini haukufa. Nikamwambia, hapana mwalimu, huyu kijana amewahi kushika panga. Mbuni uliozeeka mwenyewe ndiye humkata, kwa makusudi, kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke yasiozeshe kisiki. Kisha husubiri. Kwa miaka miwili hivi hapati kitu pale. Machipukizi yakitoka mengi, huacha mawili au matatu na kuyaondoa mengine. Aliyekata ndiye anayengoja, na panga katika mchoro ule ni lake. Namshauri kijana huyu aende siku moja Lyamungu, makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoanzishwa mwaka 2001, akatazame jinsi miche inayostahimili chulebuni inavyounganishwa. Atapata michoro mingine kumi.

Sasa isale. Hapa mtanivumilia, maana ndipo kazi yangu ilipo.

Wageni wetu kutoka mikoa mingine, isale ni ule mmea wenye majani marefu mapana unaopandwa mstari mmoja katika mipaka ya vihamba. Ukikata kipande cha shina lake ukakichomeka ardhini, huota. Ukiukata juu, huchipua chini. Wachagga waliupa kazi mbili ambazo kwa mtu wa nje hazifanani. Kazi ya kwanza ni mpaka. Kazi ya pili ni msamaha: aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na kulikataa jani hilo ni jambo zito. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa huku miaka mingi na kuandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, aliupa mmea huu nafasi kubwa. Lakini kwa wazee wa kwetu hilo halikuhitaji kitabu.

Katika ramani ninazochora, mstari wa masale huwa nukta nukta. Basi. Bikoni ya zege inapewa namba, na isale linapewa nukta. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa kwenye kijiji kimoja cha mteremkoni kusuluhisha mpaka wa kaka na mdogo wake. Kihamba kilikuwa kimegawanywa na baba yao kabla hajafa. Mdogo alidai kaka yake ameusogeza mpaka kwa hatua mbili. Kaka alituonyesha mstari wa masale, mzuri, ulionyooka, akauliza kama masale husema uongo. Mashahidi waligawanyika nusu kwa nusu. Tulikaa pale tangu asubuhi, mimi nikiwa na vifaa vya kupimia vya bei kubwa ambavyo vingeweza kuniambia nimesimama wapi duniani, ila havikuweza kuniambia baba yao alisimama wapi.

Bibi mmoja jirani, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "umetazama chini ya ile migomba?" Tukaenda. Tulipoinua majani makavu tukakuta machipukizi madogo ya isale, moja hapa, jingine hatua tatu mbele, jingine tena, yote katika mstari, hatua mbili ndani ya shamba la kaka. Alikuwa ameyang'oa masale ya baba yake na kuyapanda upya mbele, lakini visiki vilivyobaki ardhini vilikuwa vinachipua mahali pale pale vilipopandwa mara ya kwanza. Hakuna aliyesema neno. Yule kaka alitazama chini kwa muda, kisha akasema anakwenda kufungia ng'ombe, na hakurudi siku ile. Ramani niliichora kwa kufuata machipukizi. Sikupata kusikia kama jani la isale lilipelekwa kwa mdogo wake. Nilisikia tu kwamba rufaa haikukatwa.

Nasimulia hili kwa sababu katika michoro yote 23 hakuna isale hata moja. Yupo aliyechora senesio kubwa ya kule juu, ile inayobaki na majani yake makavu yakilizunguka shina kama blanketi dhidi ya baridi ya usiku. Nampongeza, amefika kule au ametazama picha vizuri. Lakini isale mnapita kando yake kila asubuhi mnapokwenda mstarini, na pengine ndiyo sababu hamlioni.

Na hapa namkumbuka mchoraji wa pili wa mlima huu, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, naye mwanafunzi wa Makerere. Mwaka 1959 alichora kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alimchora Yesu katika nchi ya Wakikuyu, kati ya watu wa pale na vilima vya pale. Mwaka 1965 alianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi pamoja na wenzake. Mwaka 1997 jumba hilo liliungua, na kazi nyingi za sanaa zikateketea. Njau na mkewe waliendelea pale pale. Namtaja kwa sababu alichora ukutani, na leo jioni tuna agenda ya ukuta.

Ndugu Mwenyekiti, utaniwia radhi nikiingilia kazi ya kamati. Mchango wetu wa mwaka huu ni ukuta wa matofali upande wa uwanja wa mpira, na imependekezwa vijana wachore juu yake. Nauunga mkono ukuta, kwa sababu mpira unaingia shambani kwa watu na mbuzi wa watu wanaingia uwanjani. Lakini nimesoma makisio ya fundi. Kipengele cha kwanza ni "kusafisha mpaka", na nimekwenda kuangalia kinachosafishwa. Ni mstari wa masale wa meta 140 hivi, mengine marefu kuliko mimi. Wazee wawili waliokaa meza ya mbele wamenithibitishia kwamba yalikuwapo walipokuja kidato cha kwanza, na mmoja wao anakumbuka kutumwa kuyapogoa kama adhabu.

Ombi langu ni hili. Ukuta usogezwe ndani meta moja. Tutapoteza meta za mraba 140 za nyasi ambazo hakuna anayezichezea, na jirani zetu wataendelea kuuona mpaka wanaoujua, bila kuja ofisini kwangu. Mweka Hazina atasema msingi umekwisha kuchorwa. Ndiyo, umechorwa kwa penseli, nimeuona. Tena fundi atapunguza gharama ya kung'oa, na atakayebisha ajaribu kwanza kung'oa isale moja lenye umri wa miaka 50, kisha aje aniambie limechukua muda gani.

Kuhusu kitakachochorwa juu ya ukuta sina amri. Kazi hiyo ni ya vijana na mwalimu wao. Ila kama mtachora mmea, mwende kwanza mkautazame, na mumwulize anayeutunza maswali mpaka achoke.

Upimaji sitautoza. Kamba ya kupimia iko ndani ya gari. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya ibada, nitakuwa kwenye goli la upande wa mfongo, na nitahitaji vijana wanne wa kushika kamba na mmoja wa kuandika namba. Yule wa kisiki cha mbuni naomba aje na karatasi.